Lugha Nne za Mhitimu wa Kompyuta: Masomo ya Informatiki kwa Vijana wa Masisi na Walikale

Mjadala kuhusu Kiswahili kama lugha ya sayansi na teknolojia umeendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba lugha hii inakomea Kigoma. Istilahi za kompyuta zimetungwa Dar es Salaam na Nairobi, zikajadiliwa huko huko, zikasifiwa au kubezwa na watu ambao lugha yao ya kusomea chuo kikuu ni Kiingereza. Ng'ambo ya maziwa wamo mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili ambao vyuo vikuu vyao huendeshwa kwa Kifaransa. Kijana wa huko aweza kusoma kompyuta kwa miaka mitano, akahitimu, akaajiriwa, bila ya kukutana hata mara moja na neno tarakilishi. Makala haya yanaeleza hali hiyo kwa kuangalia sehemu moja tu, yaani wilaya za Masisi na Walikale katika Jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa kufuata njia anayopita kijana kutoka huko hadi kuhitimu masomo ya kompyuta mjini Goma.

Wilaya hizi mbili zina uhusiano wa pekee na kompyuta. Vilima vya Rubaya, wilayani Masisi, hutoa koltani, ambayo ndani yake mna tantali, madini yanayotumika kutengenezea vijisehemu vidogo vya kuhifadhi umeme katika simu na kompyuta. Rubaya peke yake imekadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya tantali ya dunia. Huko Walikale, msituni Bisie, hutoka kasiteriti, mawe yenye bati; nayo bati ndiyo lehemu inayoshikamanisha vijisehemu hivyo kwenye ubao wa saketi. Bisie ilianza kuchimbwa kwa mikono mwaka 2002 hivi, na tangu 2019 mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin umekuwa ukitoa bati huko. Kwa hiyo kijana wa Masisi au Walikale anapoketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, yaelekea sana kwamba chombo hicho kina kitu cha kwao ndani yake, ingawa hakuna neno hata moja la kwao juu ya kioo chake.

Njia ya kufikia Goma

Na achukuliwe, kwa mfano, kijana aliyezaliwa Nyabiondo au Pinga. Nyumbani husema Kihunde au Kinyarwanda akiwa wa Masisi; akiwa wa Walikale huenda akasema Kinyanga, Kikumu au Kitembo. Kinyanga si lugha ngeni katika taaluma. Utendi wa Mwindo, uliokusanywa katika miaka ya 1950 kutoka kwa mtambaji Shé-Kárisi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ni miongoni mwa tendi za Afrika zinazofahamika zaidi duniani. Mateene mwenyewe, mtaalamu wa isimu aliyekuwa Mnyanga, baadaye aliongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala, iliyokuwa ikitetea lugha za Kiafrika zitumike katika elimu na serikali. Inafaa jambo hili likumbukwe kila inaposemwa kwamba watu wa pembezoni hawakushiriki katika mjadala wa lugha.

Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa, ya gari na ya foleni ya zahanati. Ni Kiswahili cha Kivu: ngeli ya watu huchukua ba- mahali pa wa-, hivyo watoto ni batoto, udogo huonyeshwa kwa ka- na tu-, mazoea huonyeshwa kwa -ka mwishoni mwa kitenzi, kama katika anasemaka. Wasemaji wenyewe hukitofautisha na kile wakiitacho Kiswahili bora, ambacho hukisikia redioni na kukisoma katika Biblia. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, ilhali Kifaransa ndicho lugha rasmi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi katika ngazi za mwanzo za shule. Darasani, lakini, hali ni ile inayofahamika pia Tanzania na Kenya: mwalimu huandika ubaoni kwa lugha ya kigeni na kueleza kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Mtoto hunakili Kifaransa na kukumbuka Kiswahili.

Mwishoni mwa sekondari upo mtihani wa serikali, uitwao Examen d'Etat, ambao kupita kwake huhitaji angalau asilimia 50. Katika shule nyingi za vijijini mikondo iliyopo ni michache, na ule wa ualimu ndio ulioenea zaidi, maana hauhitaji maabara. Kijana mwenye diploma ya ualimu aweza kuandikishwa kusoma informatiki, naye hufika huko akiwa na hisabati kidogo na bila ya kuwahi kugusa kibonye.

Kufika kwenyewe ni habari nyingine. Kutoka Masisi njia hupita Sake, bonde kwa bonde, na wakati wa mvua safari ya asubuhi huweza kulala njiani. Kutoka Walikale watu wamezoea kutegemea ndege ndogo. Huko Kilambo ndege zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami, zikipakia magunia ya kasiteriti kwenda Goma, na mwanafunzi aliyepata nafasi aliketi kando ya magunia. Juu ya hayo kuna vita. Mapigano yaliyoanza katika soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa Machi 1993, na kuenea Masisi, yalifuatiwa na mengine mengi, na vizazi viwili vya wanafunzi vimehesabu miaka yao ya shule kwa kuihusisha na miaka ya kukimbia. Mwezi wa Januari 2025 kundi la M23 liliteka Masisi mjini na kisha Goma; mwezi wa Machi mwaka huo likaingia Walikale mjini, likaondoka Aprili. Kwa mwanafunzi wa informatiki vita vina madhara yake ya pekee: daftari hufichika chini ya nguo, lakini kompyuta hainusuriki kirahisi njiani.

Maneno ya Paris na maneno ya Dar es Salaam

Goma ina taasisi kadhaa za elimu ya juu, miongoni mwake Chuo Kikuu cha Goma, Université Libre des Pays des Grands Lacs, na Institut Supérieur d'Informatique et de Gestion, ambayo jina lake limeunganisha informatiki na uongozi wa shughuli. Muungano huo si wa bahati nasibu. Katika Kongo mkondo uliopendwa sana umekuwa ule wa informatiki ya usimamizi, yaani kompyuta kwa ajili ya hesabu za ofisi, hospitali, shule na maduka.

Hapa panahitajika tahadhari ya istilahi. Neno mhitimu halitoshi kwa Kongo. Kwa miongo mingi masomo yaligawanyika mara mbili: miaka mitatu ya kwanza iliishia kwenye shahada iitwayo graduat, na miwili iliyofuata kwenye licence. Mwenye graduat alikuwa mhitimu, lakini mtaani aliulizwa lini atamaliza. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vimehamia kwenye mfumo wa LMD, ambao ndani yake licence huchukua miaka mitatu. Kwa hiyo neno lile lile, licence, kwa kaka ni miaka mitano na kwa mdogo wake ni mitatu, na mwajiri anayesoma barua mbili mezani analazimika kutazama tarehe.

Kitabu kikuu cha mwanafunzi ni silabasi. Neno hili Kongo halina maana ya muhtasari wa somo kama Afrika Mashariki. Ni maandishi kamili ya mhadhiri, yaliyopigwa chapa, kutolewa fotokopi na kuuzwa kwa wanafunzi. Katika mazingira ambamo mashine ni chache na umeme hukatika, silabasi hubeba somo zima. Mwanafunzi huweza kujifunza kuandika programu kwa kalamu, akafanya mtihani kwa kalamu, na kuja kuiona programu hiyo ikienda baada ya miezi kadhaa. Jambo hili hulaumiwa sana, na kwa haki. Hata hivyo lina faida moja isiyotajwa: anayeandika programu kwa kalamu hulazimika kuwa yeye mwenyewe ndiye mashine, na kuifuata hatua kwa hatua kichwani mwake, kwa lugha anayofikiria.

Lugha ya silabasi ni Kifaransa, na ni Kifaransa cha namna yake. Neno ordinateur, yaani kompyuta, halikuzuka lenyewe. Mwaka 1955 kampuni ya IBM tawi la Ufaransa ilimwomba ushauri profesa wa Kilatini Jacques Perret, naye akapendekeza neno la zamani lililowahi kutumiwa kumwelezea Mungu aupangaye ulimwengu. Neno informatique lilitungwa mwaka 1962 na Philippe Dreyfus kwa kuunganisha maneno mawili, la habari na la kujiendesha. Logiciel, yaani programu kwa ujumla wake, likafuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuanzia mwaka 1972 serikali ya Ufaransa iliunda kamisheni za istilahi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 maneno ya namna hiyo yalikuwa yametangazwa rasmi kwa matumizi ya ofisi na shule. Kwa ufupi, Mfaransa alikataa kutohoa na akatunga.

Mwanafunzi wa Kongo huyapokea maneno haya kana kwamba yamekuwapo siku zote. Hayamchekeshi. Mwanafunzi huyo huyo akisikia neno tarakilishi, lililoundwa kutokana na tarakimu na akili, au ngamizi, au baobonye, hucheka. Na si yeye tu, hata Dar es Salaam na Mombasa wapo wanaocheka. Kicheko hiki hakipimi ubora wa neno. Ordinateur ni la ajabu kuliko tarakilishi. Kilichotofautiana ni kwamba neno la Kifaransa lilipata shule, gazeti la serikali na mtihani wa kulilazimisha, ilhali la Kiswahili liliachwa lijitafutie riziki sokoni dhidi ya kompyuta, nalo likashindwa karibu kila mahali isipokuwa katika baadhi ya vitabu vya Kenya.

Yapo yaliyofaulu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice. Baada ya hapo Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Pakua limekubalika kwa sababu kila mtu aliyewahi kula nyumbani analifahamu: chakula kimo chunguni, nawe unakileta kwenye sahani yako. Tovuti, barua pepe na mtandao yameenea. Lakini yameenea kuelekea pwani na bara la Afrika Mashariki. Goma mtandao ni rezo, kutoka réseau. Salio la simu ni inite. Kompyuta ya mkononi ni mashini tu. Na kijiti cha kubebea mafaili ni flashi. Mhitimu wa Masisi, akiulizwa neno la Kiswahili la réseau, hatasema mtandao. Atasema kwamba rezo ndilo Kiswahili. Kwa kipimo cha matumizi, hapana sababu ya kumkatalia.

Kiambishi -ki- mbele ya mashine

Somo la kwanza ambalo humtenga anayefaulu na anayeacha ni algorithimu, yaani kupanga hatua za kutatua tatizo kabla ya kuziandika kwa lugha ya mashine. Katika mapokeo ya Kifaransa hatua hizi huandikwa kwa maneno ya kawaida yaliyokatwakatwa: Si, Alors, Sinon, FinSi kwa ajili ya sharti, Tant que kwa ajili ya marudio. Baadaye mwanafunzi huzihamishia kwenye Pascal, C au Java, ambazo maneno yake ni ya Kiingereza. Hivyo wazo huondoka kwenye Kiswahili, hupita kwenye Kifaransa na kutua kwenye Kiingereza, na kila kivuko kinadai ushuru.

Ushuru mkubwa hulipwa pasipotarajiwa. Chukuliwe sentensi ya Kiswahili sanifu: "Pipa likiwa halijajaa, mimina bidoni moja." Goma, ambako maji huchotwa kwa bidoni na kusukumwa juu ya chukudu, kila mtoto anaielewa kazi hii. Mtoto aliyeagizwa hivyo atamimina, atatazama, atamimina tena, hadi pipa lijae. Lakini sentensi yenyewe haikumwambia arudie. Kiambishi -ki- chaweza kuwa cha sharti, linalopimwa mara moja, na chaweza kuwa cha wakati, kinachodumu muda wote hali inapoendelea. Msikilizaji binadamu huchagua maana kwa kutazama pipa. Mashine haitazami. Mwanafunzi akiifasiri -ki- hiyo kwa Si, programu yake itamimina bidoni moja na kwenda zake, pipa likiwa tupu karibu lote. Akiifasiri kwa Tant que, itamimina, itapima tena, na itaendelea mpaka sharti livunjike.

Kosa la kuchanganya sharti na marudio hufanywa na wanaoanza duniani kote, na si haki kulitupia lawama sarufi ya Kiswahili. Ila hapa sarufi hulifungulia mlango. Dawa yake pia imo katika lugha yenyewe. Kwa sharti la mara moja pana ikiwa na kama. Kwa marudio pana maadamu na muda wote ambapo. Kisha kuna mpaka: "Mimina bidoni moja moja mpaka pipa lijae." Hii ni namna ya tatu, ambayo Pascal huitenga na ile ya pili, kwa maana upimaji hufanyika baada ya kumimina. Tofauti huonekana siku ambayo pipa lilikuwa limejaa tangu mwanzo: anayefuata maadamu hatamimina chochote, ilhali anayefuata mpaka atamimina bidoni moja na maji yatamwagika ukumbini. Mfano huu hueleweka darasani haraka kuliko ukurasa mzima wa silabasi.

Na hapa Kiswahili cha Kivu, ambacho wenyewe hukiita kibovu, kina jambo la kuonyesha. Msemaji wa Kivu mara nyingi haitumii -ki- ya masharti. Husema "kama pipa haiyajaa" anapotaka sharti, na "wakati pipa haiyajaa" anapotaka muda. Upatanisho wa ngeli umelegea, na mwanaisimu wa Dar es Salaam ataona haya kwa niaba yake. Lakini kwa kazi ya kupanga hatua za mashine usemi huo umetenganisha waziwazi mambo mawili ambayo usemi sanifu umeyaweka ndani ya silabi moja. Wataalamu wa Kiswahili cha Kongo, kama Edgar Polomé na Walter Schicho kwa upande wa Lubumbashi na Didier Goyvaerts kwa Bukavu, waliichunguza lugha hii kama mfumo kamili wenye kanuni zake. Walimu wa informatiki wangenufaika kwa kuichukua hivyo hivyo, badala ya kuiruhusu darasani kwa kunong'ona.

Dhana ya pili yenye ugumu ni ile ya kigezo chenye jina, ambacho thamani yake hubadilika. Kifaransa husema kwamba X hupokea X ongeza 1. Mwanafunzi aliyezoea alama ya usawa ya hisabati huona upuuzi: kitu kitalinganaje na kitu hicho hicho kilichoongezwa moja? Neno hupokea ndilo linalookoa, na Kiswahili kinalo tayari. Kwa mtu wa Masisi au Walikale pana mfano ulio karibu zaidi. Tangu muongo wa 2010 magunia ya madini kutoka migodi iliyoruhusiwa yalianza kufungwa vibandiko vyenye namba; namba huandikwa daftarini mgodini, kisha kwa mnunuzi, na baadaye huingizwa kwenye hifadhidata ili ijulikane gunia limetoka shimo gani. Gunia ni nafasi ya kumbukumbu, kibandiko ni jina lake, mawe ni thamani. Katika programu ni halali kabisa kuyatoa mawe na kutia mengine chini ya jina lile lile. Ndiyo kazi ya kigezo. Katika biashara ya madini kufanya hivyo ni hila inayojulikana sana, na ndiyo iliyoutia doa mfumo mzima wa vibandiko. Mwanafunzi wa Rubaya hahitaji kufafanuliwa tofauti ya jina na kilichomo. Amekwisha kuiona ikiuzwa.

Jina, postnom na jina la ubatizo

Mwisho wa masomo ya mzunguko wa kwanza mwanafunzi huandika kazi ya kuhitimu. Mada huwa ni kubuni mfumo wa kompyuta kwa ajili ya zahanati, shule, parokia au chama cha akiba. Mbinu iliyotawala ni MERISE, iliyozaliwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo humtaka mbunifu achore kwanza watu, vitu na uhusiano wao kabla ya kufikiria mashine. Ni mbinu nzito, na mahali pengi imepitwa na UML. Lakini humfundisha mwanafunzi kuuliza maswali, na swali la kwanza huwa gumu kuliko yote: mtu huyu ni nani?

Programu nyingi zinazotoka nje zina visanduku viwili vya jina, jina la mtu na jina la ukoo. Mkongo ana matatu. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi, Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na watu wakachukua jina la nyongeza la Kiafrika, ambalo Kifaransa cha Kongo hulitaja kuwa postnom. Utawala ulipolegea katika miaka ya 1990 majina ya ubatizo yalirudi, lakini postnom haikuondoka. Fomu za Kongo hadi leo huuliza nom, postnom, prénom. Aidha, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja katika Kivu huweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, kwa kuwa jina si la ukoo; ni la tukio, la babu au la sala. Anayetafuta familia nzima kwa jina moja la ukoo haipati.

Tahajia nayo huleta mkanganyo. Karani mmoja huandika Shukuru kwa sh, mwingine aliyezoea Kifaransa huandika kwa ch. L na r hubadilishana kwa kadiri ya lugha ya mwandishi. Kitambulisho cha kusahihisha hayo hakikuwapo kwa muda mrefu: sensa ya mwisho nchini ilifanyika mwaka 1984, na tangu uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2005 kadi ya mpiga kura ndiyo iliyoshika nafasi ya kitambulisho. Mtoto hana kadi hiyo. Hivyo mwanafunzi anayebuni mfumo wa chanjo kwa kituo cha afya cha Masisi hugundua kwamba ufunguo mkuu wa jedwali, ule unaotakiwa kumtofautisha kila mtu na mwingine, hauwezi kuwa jina, hauwezi kuwa kadi, na hauwezi hata kuwa kijiji, kwa kuwa nusu ya kijiji imo kambini. Inambidi abuni namba, aiandike kwenye kadi ya karatasi ya mama, na aombe kadi isilowe. Katika mitihani sehemu hii hupewa alama chache. Katika maisha ndiyo inayoamua kama mtoto atapata chanjo ya pili.

Kazi baada ya masomo

Wahitimu wengi huanzia kwenye sekretarieti za umma, yaani vibanda vya kupiga chapa, kuchapisha na kutoa fotokopi vilivyojaa karibu na ofisi na vyuo. Wengine hufunga rezo katika ofisi, hutengeneza simu, au hufundisha. Nafasi inayotamaniwa ni ya mashirika ya misaada na ya idara ya afya, ambako hutakiwa mtu wa kuingiza takwimu. Huyo huitwa encodeur, neno la Kifaransa cha Ubelgiji ambalo Mfaransa wa Paris angelielewa vingine. Urithi wa mkoloni haukuwa wa lugha tu, ulikuwa wa lahaja. Takwimu za afya za Kongo hukusanywa kwa programu ya DHIS2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, na hutumiwa kwa Kifaransa.

Kazi hii ndiyo inayomrudisha mhitimu nyumbani. Hutumwa Masisi au Walikale kuwafundisha wauguzi namna ya kuingiza ripoti za mwezi, na hapo Kifaransa cha silabasi huisha nguvu. Hawezi kusema sauvegarder na kueleweka na kila aliyemo chumbani. Hifadhi la Kiswahili bora linafahamika kanisani lakini si kazini. Kinachosemwa ni chunga. Katika Kiswahili cha Kongo kuchunga ni kuweka kitu salama, fedha au barua, na katika vilima vya Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini, neno hilo hilo ni kazi ya mchungaji. Faili huchungwa. Likichungwa hufungwa, na kesho yake hufungulwa.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya jumuiya hiyo, yenye makao yake Zanzibar, sasa ina mwanachama ambaye maneno yake ya kompyuta yametoka njia tofauti. Kamusi ijayo ya istilahi za kompyuta ina uchaguzi wa kufanya kuhusu rezo, inite na chunga: ama iyaorodheshe pamoja na mtandao, salio na hifadhi, kwa kuonyesha yanakotumika, ama iyaache nje. Ikiyaacha nje, haitafungika mlango kwa mhitimu wa Goma peke yake. Muuguzi wa Walikale atakayefungua programu iliyofasiriwa Dar es Salaam ataona Kiswahili kwenye kioo, atasoma neno asilolijua, na ataibadilisha irudi kwenye Kifaransa. Ushahidi wa maneno anayoyatumia si mgumu kuupata. Umo katika kazi za kuhitimu zilizorundikwa kwenye maktaba za vyuo, na hasa katika kurasa zake za mwisho, ambako wanafunzi huambatisha maswali waliyowauliza wafanyakazi wa zahanati na maduka, yaliyoandikwa kwa Kifaransa na kuulizwa kwa Kiswahili.